SIKU MBILI ZA MBIO NA MATEMBEZI KARIBU NA NAIROBI

Wako watu wengi waliokaa Nairobi miaka kumi au ishirini, nao wajua njia ya kwenda kazini na njia ya kwenda sokoni, na zaidi ya hizo hawajui nyingine. Wapatapo likizo hupanda gari kwenda kwao, ama huweka akiba mwaka mzima ili wakaione bahari Mombasa. Nia hizo ni njema, lakini wahenga walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Mtu mwenye Jumamosi na Jumapili tu, viatu vya mbio na nauli ya matatu, aweza kuuona msitu ambao watu walimwaga damu kwa kuutetea, na vilima ambavyo juu yake Bonde la Ufa laonekana kama mkeka uliokunjuliwa.

JUMAMOSI: MSITU WA KARURA

Msitu wa Karura uko upande wa kaskazini wa mji, na watu huufikia kwa Barabara ya Limuru au Barabara ya Kiambu. Eneo lake lapita hekta 1,000, na ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Yafaa mgeni afike asubuhi na mapema, umande ungali majanini, alipe kiingilio langoni na kuanza safari. Njia zilizomo, zikijumlishwa, zapata kilomita 50. Kwenye njia panda pamesimamishwa vibao vyenye namba, hata asiyeujua msitu hawezi kupotea kwa urahisi.

Njia nyingi ni za udongo mwekundu, laini kwa miguu na magoti. Hata hivyo, anayeanza mbio asijisifu mapema. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, hivyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo kuliko ile ya pwani. Mwili wa anayekaa mahali pa juu na kujizoeza hujiongezea chembe nyekundu za damu, lakini kazi hiyo huchukua majuma mengi. Kipimo kizuri ni ulimi: akimbiaye na mwenzake, kama waweza kuzungumza, mwendo wafaa, kama maneno yakatika, na wapunguze. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwanza mkimbiaji hupita katikati ya mikaratusi iliyonyooka kama askari gwarideni. Mikaratusi ya namna hii ilianza kupandwa huko mwanzoni mwa karne ya ishirini ili kupata kuni za injini za reli. Baadaye huingia penye miti ya asili: mihugu, mizeituni ya mwitu na mikuyu mikubwa. Hapo kivuli ni kizito na hewa ni baridi. Juu matawini huruka mbega weusi wenye manyoya meupe mgongoni, waliohamishiwa humo kutoka sehemu za Kipipiri. Akiteremka mtoni atasikia kishindo cha maporomoko ya maji kabla hajayaona, na jirani yake yako mapango ambamo, kwa masimulizi ya wenyeji, wapiganaji wa Mau Mau walijificha wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952.

MITI NA WAJENZI

Methali yasema, Penye miti hapana wajenzi. Katika Karura mambo yalikuwa kinyume, kwa maana katika miaka ya 1990 wajenzi walikuwa wengi kupita kiasi. Sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa watu binafsi kwa siri, na miti ikaanza kuangushwa ili majumba yajengwe. Mtu aliyesimama mbele kupinga jambo hilo ni Wangari Maathai, mwanzilishi wa Shirika la Green Belt. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda na wenzake, wakiwamo wabunge, ili wapande mche karibu na lango. Walishambuliwa na kundi la watu wenye silaha, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana, habari zikaenea duniani, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo Rais akatangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Lakini kuokoka kwa miti hakukuleta watu msituni mara moja. Karura ilikuwa imejulikana kwa wanyang'anyi, na watu waungwana waliipita mbio wakiwa ndani ya magari. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwaruhusu wananchi kuunda vyama vya kutunza misitu pamoja na serikali, na mwaka 2009 kikaundwa chama cha Marafiki wa Karura. Ua ukajengwa, na vijana wa vijiji vya jirani wakapewa kazi ya ulinzi. Leo mama aliyebeba mtoto, mzee mwenye fimbo na kijana anayejiandaa kwa mashindano hupishana njiani na kuamkiana.

JUMAPILI: VILIMA VYA NGONG

Siku ya pili miguu itauma kidogo, kwa hiyo yafaa kutembea kuliko kukimbia. Matatu za namba 111 huenda mpaka mji wa Ngong, mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka katikati ya Nairobi. Kutoka hapo mtu hupanda kwa miguu au kwa bodaboda mpaka lango la Idara ya Misitu. Ni busara kufuatana na kundi na kumchukua askari wa msitu, kwa sababu nyati wangaliko, na watu wabaya nao walipata kuonekana huko.

Jina la Ngong latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya chemchemi ya kifaru. Ukivitazama vilima kutoka Nairobi wafananisha na vifundo vya ngumi iliyokunjwa, na anayepita juu ya mgongo wake hupanda kifundo hiki na kuteremka, akapanda kingine, hata magoti yakaomba msamaha. Kilele kirefu kuliko vyote chafika mita 2,460 hivi. Upepo huko hauna mchezo: ndiyo sababu mitambo ya kuzalisha umeme imesimamishwa mgongoni. Ile ya kwanza ilijengwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na leo kituo kizima kina uwezo wa megawati 25.5. Mabawa yake huvuma juu ya kichwa cha mpita njia kama pumzi ya ng'ombe mkubwa.

Asimamaye kileleni huona nchi mbili. Mashariki ni mabati ya Nairobi, mashamba na miti. Magharibi ardhi yaanguka ghafula katika Bonde la Ufa, kavu na pana, na mlima wa Olorgesailie umesimama mbali. Mkulima atafahamu mara moja kwa nini miteremko miwili ya vilima vile vile haifanani: pepo za mvua hutoka upande wa bahari, zikapigana na vilima na kuacha maji mashariki, na kinachovuka ni hewa iliyokwisha kukamuliwa.

FAIDA YA KUJUA

Huenda mkulima huyo akauliza: Mtu aliyeshika jembe tangu Jumatatu ana haja gani ya kukimbia? Kweli, mwili wake hauna deni. Karani aketiye kitini siku tano ndiye mwenye deni, na siku mbili hizi ni malipo ya kwanza. Lakini kuna jambo lawahusu wote wawili. Vijito vya Karura hushuka kuelekea Mto Athi. Maji ya upande wa mashariki wa Ngong nayo huingia Mto Mbagathi, na kwa njia hiyo hufika Athi ule ule, ambao humwagika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Mti ukikatwa msituni au mteremko ukiachwa uchi kileleni, mwenye ng'ombe aliye mbali sana chini ya mto atajua.

Karura iligawiwa kwa siri wakati ambao watu wengi wa mji hawakuwahi kuikanyaga. Kugawa mahali ambapo maelfu ya watu hupita kila juma ni kazi ngumu zaidi, kwa maana kila mmoja wao angeuliza miti imekwenda wapi. Basi mwenye Jumamosi na ajaribu. Achukue maji katika chupa ya kudumu, kwa kuwa plastiki za kutumiwa mara moja zimekatazwa misituni tangu Juni 2020. Avae koti la upepo kwa safari ya Ngong. Na awachukue watoto wake pamoja naye, ili nao wajue ni nini kilicho chao.