Mama Aliyekuwa Mwalimu

Hapo zamani, katika mji mdogo wa Epworth, nchi ya Uingereza, alikaa mwanamke jina lake Susanna Wesley, mke wa kasisi. Alizaa watoto 19, na 9 wakafa wangali wachanga. Wale waliosalia aliwafundisha mwenyewe nyumbani.

Desturi yake ilikuwa kumwanzisha mtoto akiisha kutimiza miaka 5. Siku iliyotangulia, nyumba ilitengenezwa, kila mtu akapewa kazi yake, na wote wakakatazwa kuingia chumbani tangu saa 3 hata saa 6, na tangu saa 8 hata saa 11. Katika saa hizo 6 mtoto alipaswa kujua herufi zote. Kisha huanza Kitabu cha Mwanzo, mstari kwa mstari, wala hakuvuka mstari mpaka aujue barabara.

Walio wengi walizijua herufi kwa siku moja. Lakini Mary na Anne walichukua siku moja na nusu, na mama akawadhania kuwa wazito sana wa akili. Baadaye, alipoona jinsi watoto wa watu wengine wanavyokawia, alitambua kwamba amewakosea. Mwaka 1732 alimwandikia mwanawe John, mhubiri, habari za mafundisho yake, wala hakulificha kosa hilo.

Basi, enyi wanafunzi, mwenzenu akikawia nusu siku, msimcheke. Kutangulia si kufika.