Pete ya Uchumba ya Kijana Wetu

Kamati ya kitabu chetu imeniomba niandike juu ya posa ya kijana wetu, maana wengi mlihudhuria na wengi zaidi waliuliza habari ya ile pete. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba nieleze na ugomvi uliotangulia. Posa isiyo na ugomvi nyuma yake sijaiona bado, si Shinyanga wala hapa Newtown.

Mambo yalianza jikoni kwetu, ghorofa ya saba, jioni ya Jumapili moja ya mwezi wa Februari. Kijana aliweka karatasi mezani, kando ya sahani yangu ya ugali. Ilikuwa fomu ya mkopo wa pauni 4,000. Alitaka kumvisha mchumba wake pete ya almasi, na umbo la kito alikwisha kulichagua: lile lililochongwa mfano wa mtumbwi, ncha huku na ncha huku.

Nikamwuliza, "Na mahari umeiweka wapi?"

Akajibu, "Baba, mahari ni yenu wazee. Pete ni yangu."

Neno hilo lilinichoma. Nilisema maneno ambayo sitayarudia katika kitabu cha heshima, naye akaondoka na fomu yake. Kwa wiki mbili tukawa watu wa kusalimiana mlangoni tu.

Hapana budi nieleze kwa nini almasi inanitia uchungu. Mimi ni mtoto wa Mwadui. Baba yangu alifanya kazi katika mgodi ule miaka 19, akiendesha lori la kubeba udongo. Mgodi aliuvumbua Mkanada, Bwana John Williamson, mwaka 1940, na Mwadui ikawa mji ndani ya uzio, watu wakiingia kwa kibali na kutoka kwa kupekuliwa. Baba alibeba udongo wenye almasi maisha yake yote ya kazi, lakini almasi yenyewe hakuigusa hata siku moja. Kwetu sisi watoto, kuokota jiwe linalong'aa lilikuwa jambo la kutisha. Mama alituambia tulitupe mara moja, kabla jirani hajaona, kwa sababu kupatikana na almasi nyumbani ni kesi na kifungo.

Kila mtoto wa Mwadui alisimuliwa habari ya almasi ya waridi. Ilipatikana mwaka 1947, nayo ilikuwa na uzito wa karati 54.5. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, kwa hiyo jiwe lile halikufika hata gramu 11. Bwana Williamson akamtunuku Binti Mfalme Elizabeth, aliyeolewa mwaka huo huo. Ilipochongwa kuwa ya mviringo ilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Baba alikuwa akituuliza, "Zile karati 30 nyingine zilikwenda wapi?" Kisha hujijibu mwenyewe, "Vumbi." Nikakua nikiamini kwamba kuchonga almasi ni namna ya kutupa mali.

Aliyetupatanisha ni mama yake kijana. Alisema, "Nyinyi wawili mnagombania kitu ambacho hata mmoja wenu hajakishika. Nendeni mkaangalie. Kuangalia hakulipiwi."

Basi Jumamosi tukatoka, mimi na yeye, kwa miguu. Ninyi mnaoishi huku mnajua kwamba kutoka kwetu Newtown hadi mtaa wa masonara ni mwendo mfupi: unafuata New John Street West, unavuka Great Hampton Street, na mara maghorofa yetu yako nyuma na mbele yako ni karakana za matofali mekundu. Nimekaa hapa zaidi ya miaka 20, nami nilikuwa napita tu pale, sijawahi kuingia duka hata moja. Nilidhani si pahali petu.

Lakini kijana alinishangaza, maana alikuwa amesoma. Alinionyesha ile saa ya mnara kwenye njia panda ya Vyse Street na Warstone Lane, iliyosimamishwa mwaka 1903 kwa kumbukumbu ya safari ya Joseph Chamberlain huko Afrika Kusini. Katika safari ile ile, Desemba 1902, alipitia Mombasa na kupanda gari la moshi la Uganda. Akanieleza kwamba rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 ilipigwa hapa hapa Birmingham na kampuni ya Heaton, na ndiyo maana ina herufi H. "Unaona, baba," akasema, "fedha ya kwetu ilizaliwa mtaa huu." Sikumjibu, ila hasira ilianza kupungua.

Duka la kwanza sitalitaja. Kijana wa kuuza alikuwa mwepesi mno wa ulimi. Alitutolea pete ya mtumbwi yenye kito kirefu, akasema tukisaini leo bei inashuka, kesho inapanda. Nilimvuta mwanangu mkono tukatoka. Nyumbani tunasema haraka haraka haina baraka, na ng'ombe anayeuzwa kwa haraka mtazame meno.

Duka la pili lilikuwa dogo, juu ya ngazi, na sonara wake mzee mwenye lenzi shingoni. Yeye hakuuliza tuna kiasi gani. Aliuliza, "Ni ya nani?" Kisha akatandika kitambaa cheusi, akapanga mawe saba, akatufundisha kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Alianza na la mviringo. Hilo lina nyuso ndogo ndogo 57, au 58 ukihesabu na ile ya ncha ya chini, na kazi ya nyuso hizo ni kuupokea mwanga na kuurudisha juu kwenye jicho la mtazamaji. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, wa ukoo wa wachonga almasi, alichapisha hesabu za pembe zake. Likichongwa nene kupita kiasi au bapa kupita kiasi, mwanga hupotelea chini, nalo huwa kama kipande cha chupa. La mviringo ndilo linalong'aa kuliko yote, na pia ndilo la gharama, kwa sababu mara nyingi zaidi ya nusu ya jiwe ghafi huondoka katika kulichonga. Nikakumbuka vumbi la baba.

La mraba hula jiwe kidogo tu. Almasi nyingi ghafi huwa mfano wa piramidi mbili zilizounganishwa chini kwa chini, hivyo ukiikata katikati unapata miraba miwili bila hasara kubwa. Niliposikia hivyo nikasema, "Hilo ndilo." Sonara akacheka, akaniambia pembe zake nne ni dhaifu, zikigongwa zinapasuka, na lazima kila pembe ishikwe na ukucha wa dhahabu.

La mstatili, lenye nyuso ndefu kama ngazi, lina utulivu mzuri, ila halifichi kitu: doa lolote la ndani linaonekana kama uchafu katika maji ya kisimani. Yalikuwapo pia la mto, lenye pembe zilizolainishwa, la tone la maji, na la yai. Kuhusu la mtumbwi alilolipenda mwanangu, sonara alikiri kwamba kwa uzito ule ule huonekana kubwa kuliko mengine, kwa sababu limenyooshwa. "Lakini ncha zake mbili," akasema, "ni mlango wa matatizo."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitazamia. Akachukua lile la mviringo kwa koleo ndogo, akaniambia nifungue kiganja, akaliweka pale. Ndugu zangu, mkono ulinitetemeka. Nilitazama mlangoni kama anayesubiri askari wa uzio. Mtoto wa Mwadui nilikuwa nimefika umri wa miaka 63 kabla ya kushika almasi, tena mbali na nyumbani kiasi hiki, na mwanangu akiniangalia. Aliniuliza polepole, "Babu hakuwahi?" Nikatikisa kichwa. Tangu pale ugomvi wetu uliisha bila mtu kuomba radhi.

Nilimwuliza sonara kama jiwe lile lingeweza kuwa la Mwadui. Aliniambia kweli, nami namshukuru: mawe madogo huchanganywa ya nchi nyingi kabla ya kuchongwa, na kwa jiwe la kiasi kile hakuwa na karatasi inayotaja mgodi. Ni yale makubwa tu yanayobeba jina. Oktoba 2022, almasi nyingine ya waridi ya Mwadui, ya umbo la mto na karati 11.15, iliuzwa mnadani Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Mwezi uliofuata ukingo wa bwawa la matope la mgodi ulipasuka, matope yakafunika nyumba na mashamba ya majirani. Habari hizo mbili nilizisoma katika msimu mmoja, nami sijui bado niziweke vipi katika moyo mmoja.

Sonara alitoa pia almasi iliyotengenezwa kiwandani, akaiweka kando ya ile ya ardhini. Ni kitu kile kile, na kwa macho hatukuweza kutofautisha, bali bei yake ni ndogo sana. Kijana akashawishika, maana angepata mtumbwi mkubwa bila mkopo. Hapo tukakwama tena, yeye na mtumbwi wake, mimi na mraba wangu wa kubana matumizi.

Tuliporudi, mama yake alitusikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele. Akasema, "Pete si yako wala si ya baba yako. Mwulizeni mwenye kidole."

Jumanne, siku ambayo hana wateja, tukaenda na binti mwenyewe. Watu wake ni wa Bukavu, na huko shikamoo si desturi yao, lakini amejifunza kwa ajili yetu, na huitoa kwa sauti kubwa kama anayetoa zawadi. Kazi yake mnaijua, wengi wa mabinti zenu wamekaa kwenye kiti chake: ni msusi. Alitazama yale mawe saba bila haraka. Kisha akafungua mkoba, akatoa fungu la nywele za kusukia.

Akavaa pete ya kwanza, ya mtumbwi, akaanza kusuka pale pale mezani kwa sonara. Msuko wa tatu, uzi wa nywele ukanasa kwenye ncha. "Baba, unaona? Inakamata." Akavaa ya tone la maji: ikanasa. Ya mraba: ikanasa kwenye kucha za pembeni. Ya mviringo iliyoinuliwa juu kwa kucha sita ilikwenda kidogo, nayo ikanasa. "Mteja atalia," akasema, "na mimi nitaivua kila asubuhi. Pete ya kuvuliwa kila asubuhi siku moja itabaki kwenye sinki." Mwanangu alinyamaza. Naamini ndipo alipoelewa kwamba alikuwa amechagua pete ya kutazamwa na watu, si pete ya mkono huu.

Sonara akafikiri, akaleta ya yai, isiyo na ncha wala pembe. Haikushikwa kwa kucha, bali ilizungushiwa ukingo mwembamba wa dhahabu, ikalala chini karibu na kidole. Binti akasuka mpaka mwisho wa fungu, hakuna hata unywele mmoja ulionasa. Sonara alitutahadharisha kwamba mayai mengi yana kivuli cheusi katikati, mfano wa tai ya shingoni, hivyo jiwe ligeuzwe huku na huku dirishani kabla ya kulipokea. Tuligeuza manne. La tatu lilikuwa safi. Ni la ardhini, karati 0.40, maana binti alisema dogo linamtosha. Bei haikufika theluthi ya ule mkopo, na kijana alilipa kwa akiba yake. Fomu aliichana mbele ya mama yake.

Tulingoja wiki tatu pete itengenezwe na kupelekwa Birmingham Assay Office ikapimwe. Ofisi hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1773, baada ya Matthew Boulton kuipigania, na chapa yake ni nanga, ingawa mji huu hauna bahari. Ndani ya pete yetu imo nanga hiyo, na namba 750 inayoonyesha kwamba sehemu 750 katika kila 1,000 ni dhahabu. Vijana, msinunue bila kutazama chapa.

Siku ya posa, Mei, mzee wa Bukavu aliitazama pete, akaitazama tena, akasema ni ndogo lakini haina ubaya, sasa tuzungumze ng'ombe. Tukazungumza ng'ombe mpaka saa nne usiku, kila upande kwa mila yake, na hesabu ikageuzwa pauni bila kuvunja heshima ya mtu.

Kwa hiyo ninyi mtakaochagua baada yetu, msianze na umbo la jiwe. Anzeni na mkono: unafanya kazi gani, unashika nini, unarudi nyumbani umechoka namna gani. Mkono ukishajulikana, mawe mengi hujiondoa yenyewe.

Wiki iliyopita nilipita saluni jioni. Alikuwa akimsuka mtoto, na kila kidole kilipopita chini ya taa pete iliwaka kidogo, ikazima, ikawaka. Nilisimama nje dirishani, nikamfikiria mzee wangu na lori lake.



Baba wa bwana harusi, Newtown