Mizani Moja Iliyopotea

Kwa zaidi ya miaka kumi niliwafundisha wanafunzi wangu wa sekondari kwamba utenzi mmoja wa mshairi mzee wa Pemba una kasoro. Katika ubeti wake wa saba, mshororo wa pili ulikuwa na mizani saba badala ya nane. Niliuandika ubaoni, tukauhesabu pamoja kwa vidole, kisha nikawaambia kuwa hata malenga huteleza, na kwamba tungo iliyopungukiwa mizani namna hiyo huitwa guni. Mwanafunzi aliyelirudia jibu hilo katika mtihani wa shule nilimpa alama zake zote. Mwaka jana nilimsikia mshairi mwenyewe akiughani ubeti ule, yeye akiwa kwao kisiwani, nami nikiwa Tanga mbele ya skrini ya maktaba. Hapo nikafahamu kuwa aliyeteleza ni mimi.

Nilivyofika mbele ya skrini hiyo ni kisa kilichoanzia mbali. Binti yangu anaishi karibu na Chicago. Siku moja alinipigia simu akaniambia, "Baba, maktaba yetu ina mazungumzo na mwandishi wiki ijayo. Nimekuandikisha." Nilidhani anatania. Maktaba niijuayo mimi ni mahali pa kunyamaza. Lakini alinitumia anwani ya kuingilia, na usiku uliopangwa nikaamka saa tisa, kwa kuwa saa moja jioni ya Chicago wakati wa kiangazi ni saa tisa ya usiku kwetu. Nikakaa sebuleni na kompyuta ya mjukuu, nimejifunika shuka.

Mpango wenyewe ni mwepesi kuueleza. Maktaba za umma za jimbo la Illinois zimeunda ushirika uitwao Illinois Libraries Present. Maktaba moja ya mji mdogo haiwezi kumlipa mwandishi mashuhuri, lakini nyingi zikichanga huweza. Mwandishi hukaa kwake, mwendeshaji hukaa kwake, na wasomaji hujiandikisha bila malipo kupitia maktaba zao. Maneno yanayosemwa hupita kwa maandishi chini ya skrini kwa ajili ya wasiosikia vyema, na mkalimani wa lugha ya alama huonekana pembeni. Maswali huandikwa, mwendeshaji akayachagua na kuyasoma. Kuanzia mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga milango ya maktaba duniani, desturi hii ilienea sana, nayo haikukoma milango ilipofunguliwa.

Mwandishi wa usiku ule alikuwa mtunzi wa riwaya. Alisoma kurasa mbili za kitabu chake, na nilipomsikia akivuta neno hapa na kulikata pale, nikakumbuka swali ambalo wanafunzi waliniuliza mara nyingi nami nisiwe na jibu: "Mwalimu, Shaaban Robert mwenyewe alilisomaje shairi hili?" Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, si mbali na hapa nilipo, akafariki mwaka 1962 nilipokuwa mtoto mdogo. Tenzi zake nimezifundisha maisha yangu yote ya kazi, lakini sauti yake sijapata kuisikia. Siti binti Saad, ambaye yeye aliandika wasifu wake, tunaweza kumsikia hata leo, kwa sababu mwaka 1928 alisafirishwa hadi Bombay akaimba mbele ya kinasa sauti. Mwimbaji alipata bahati ambayo mwandishi wake, kwa kadiri nijuavyo mimi, hakuipata.

Kulipokucha nilikwenda kumwona mkutubi wa maktaba yetu. Nilimweleza niliyoyaona, nikamwuliza kama tunaweza kulijaribu jambo hili kwa mshairi mmoja tu. Alicheka, akasema ana projekta, ana chumba, na ana intaneti ambayo siku nyingine huja na siku nyingine haiji. Mshairi nilimfikia kupitia mjukuu wake, kijana wa chuo, ambaye aliahidi kumshikia babu yake simu. Kwa wasikilizaji tuliwaalika wanafunzi wa shule ya jirani pamoja na mwalimu wao wa Kiswahili, mama mmoja ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu.

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, uso wa mzee ulitokea ukutani, mkubwa kuliko alivyotazamia yeyote. Wanafunzi wakasema kwa pamoja, "Shikamoo, Babu." Sauti yao ilichukua nukta kadhaa kumfikia, naye alikwisha kuanza neno jingine. Akasita, akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu." Alianza kwa shairi lenye kibwagizo, akatutaka tumpokee. Tukampokea, lakini kila mara kibwagizo chetu kilimfikia yeye akiwa ameshaingia ubeti unaofuata. Mwishowe akanyamaza, akatabasamu, akasema, "Naona bahari imeingia baina yetu." Wanafunzi hawakuelewa upesi. Mwalimu wao aliwaeleza kuwa bahari ni ile ya maji iliyo kati ya Tanga na Pemba, na tena ni ile ya mashairi. Tangu hapo mzee alingoja, nasi tukajifunza kungoja.

Kisha nikamwomba aughani utenzi wake. Nilikuwa nimekifungua kitabu mapajani, na nakiri kuwa kidole changu kilikuwa juu ya ubeti wa saba, nikiungojea. Mzee aliufikia, akaupita bila kujikwaa. Mshororo ulitimia. Nilidhani masikio yananidanganya, nikamwomba aurudie. Akaurudia. Kitabuni neno lilikuwa "Mungu", mizani mbili. Kinywani mwake lilikuwa "Muungu", mizani tatu, kama lisikikavyo katika tenzi za kale.

"Mzee wangu," nikamwambia, "kitabu hakisemi hivyo."

"Najua," akajibu. "Mimi niliandika kama walivyotamka wazee wetu. Aliyechapa akaona sijui tahajia, akanisahihisha. Akaukata utenzi wangu mguu mmoja."

Chumba kizima kilicheka. Mimi sikucheka. Nilimwuliza kwa nini hakulisema jambo hilo miaka yote hii. Akafikiri kidogo, akasema kwa upole, "Mwalimu, nilimwambia kila aliyeniuliza. Wewe ndiwe wa kwanza."

Niligeuka nikamwona yule mwalimu, mwanafunzi wangu wa zamani, ameinamia daftari lake la masomo. Alikuwa akikata mstari kwa kalamu. Maelezo aliyokuwa akiyakata niliyajua, kwani ni mimi niliyemsomea akayaandika. Naye alikwisha kuyasomea madarasa mangapi, sikuthubutu kumwuliza.

Tangu siku ile nimelifikiri sana jambo hili, na ningependa wasomaji wa ukurasa huu, ambao wengi ni watunzi, wanisaidie kulifikiri. Ushairi wetu uliishi kooni kabla ya kuishi katika karatasi. Tulipouingiza darasani tuliupima kwa macho. Tulihesabu silabi zilizochapwa, tukasahau kuwa mchapaji naye ana mkono. Mazungumzo ya maktabani kwa njia ya skrini yanaweza kuturudishia sikio, iwapo hatutayaiga jinsi yalivyo.

Kwanza, mshairi aghani kabla ya kuhojiwa. Katika mazungumzo niliyoyasikiliza usiku ule, usomaji ulikuwa kitoweo kidogo na mahojiano ndiyo wali. Kwetu inafaa iwe kinyume. Pili, msikilizaji awe na maandishi mkononi, na kila tofauti kati ya sauti na kitabu iandikwe mara moja. Tatu, rekodi ibaki. Rekodi za mazungumzo kama haya mara nyingi huwekwa kwa muda tu, kwa mujibu wa mkataba na mwandishi, kisha huondolewa. Mwandishi wa riwaya kesho atazungumza mahali pengine. Mzee wa miaka themanini na kitu, anayeghani sebuleni kwake, huenda asiombwe tena. Basi aombwe idhini, alipwe haki yake, na sauti yake ihifadhiwe maktabani kama kitabu kihifadhiwavyo.

Mwisho ni lile la kuchangia. Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzishwa kwa sheria mwaka 1963, na maktaba za mikoa zipo. Mshairi mmoja anaweza kusikilizwa asubuhi moja Tanga, Mtwara, Kigoma na Bukoba, na pia Mombasa ng'ambo ya mpaka, kila maktaba ikitoa sehemu ndogo ya gharama. Siku yetu mtandao ulikatika mara mbili, na mara ya pili mkutubi alitumia bando la simu yake mwenyewe. Gharama yote haikufikia bei ya vitabu vitatu.

Baada ya wiki moja nilimtumia mzee ubeti wa kumwomba radhi. Sikumwandikia. Niliughani katika simu, mjukuu wake akamsikilizisha:

Nimekosa, ninakiri,
Sikusikia shairi,
Nikahukumu dosari,
Muungu, nakutubia.

Jibu lilikuja usiku, kwa sauti yake. Alisema radhi amenipa, na mizani zimetimia. Kisha akanikumbusha kuwa diwani yake ina tenzi nyingine nne, na kwamba hata hizo zimepita mikononi mwa mchapaji yule yule. Mkutubi ameshatutengea chumba kwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao.