Baba na Fedha za Watu

Msimu wa pamba ukifunguliwa, baba hakuwa wetu tena. Kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi, Mwanza nzima ilikuwa inasubiri noti: madereva wa malori, wenye maduka, na zaidi ya wote wakulima wa Kwimba na Magu waliokwisha kupima pamba yao na kubaki na stakabadhi mkononi. Noti hizo zilipita kwanza mikononi mwa baba na wenzake wa benki. Katika miaka ya sabini noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100, kwa hiyo malipo ya kituo kimoja tu cha pamba yangeweza kujaza sanduku la chuma. Walihesabu kwa mkono, wakafunga mabunda, wakahesabu tena, halafu gari likaondoka na askari alfajiri. Alirudi nyumbani usiku, vidole vimekuwa vyeusi kwa wino na jasho la watu, akatuangalia tulivyolala, akaoga.

Kazi hiyo ilimwangukia ghafla. Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967, yeye alikuwa karani kijana katika benki ya wageni. Siku iliyofuata serikali ilizitwaa benki za wageni, na ndipo ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara. Wakubwa wengi wa kigeni waliondoka, na makarani waliozoea kubeba leja mpaka mezani kwa bwana mkubwa wakajikuta wao ndio wa kuzifunga. Alituhadithia jinsi walivyokesha wakitafuta senti zilizopotea kati ya safu mbili za tarakimu, na hakuna aliyethubutu kwenda kulala hesabu haijalingana. Alisema huo ndio wakati alipojifunza kuziogopa fedha za watu. Si woga wa kuiba. Ule wa kujua kwamba nyuma ya kila tarakimu kuna mtu aliyepalilia.

Nyumbani tulikuwa na daftari la matumizi. Jumapili baada ya misa lilifunguliwa mezani, na ufunguo wa kabati lilimokaa aliushika mama. Juu ya ukurasa baba aliandika mshahara wake wote kama ulivyo, chini yake mama akaandika alichopata kwa kushona. Kisha mtoto mmoja alisoma kwa sauti: ada, mchele, mafuta ya taa, nauli ya bibi. Ndugu waliosaidiwa waliandikwa kwa majina yao, kamwe si kwa neno "msaada". Baba mdogo aliwahi kukasirika, akasema kaka yake anawaanika watoto siri za ukoo. Baba akamjibu, "Mdogo wangu, wanaokula ndio wenye haki ya kujua kinatoka wapi." Wanaume wengi wa rika lake waliwaficha wake zao hata kiwango cha mshahara, tena wakaona hiyo ndiyo heshima ya mume. Nimeishi na kazi za fedha mwenyewe, nimewaona mabwana wakubwa wa fani hii, na bado naona lile daftari lilikuwa jambo kubwa kuliko cheo chochote alichopanda.

Halafu ikaja miaka ya themanini. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba hazina, mafuta yamepanda bei, mazao yetu yameshuka. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Mwisho wa mwaka 1986 ilikuwa imepita 50. Mwaka huohuo ikatoka noti ya shilingi 200, nasi watoto tukaifurahia kwa rangi zake. Baba hakuifurahia.

Msimu uliofuata alikuja dirishani mama mmoja wa Magu. Baba alimfahamu, maana kila mwaka baada ya kuuza pamba alikuja kuweka akiba, na walisalimiana Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kabla ya kugusa karatasi yoyote. Alikuwa anaweka fedha za bati. Nyasi zilikuwa zimemchosha, na wakati huo bati lenyewe lilikuwa shida kupatikana, la kutafutiwa kibali. Safari hii kibali alikuwa nacho. Akatoa kitabu chake cha akiba, baba akakikagua ukurasa kwa ukurasa, sehemu kubwa ikiwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Hakuna senti iliyopotea, na riba iliingizwa kila mwaka kama ilivyostahili. Lakini riba haikukaribia hata kidogo kasi ya bei madukani. Fedha ambazo zingeezeka nyumba yote sasa zilitosha jiko tu. Mama yule alimtazama akamuuliza, "Baba, fedha zangu mmezifanya nini?"

Jioni ile baba hakula. Mama alimwekea sahani, akaifunika, akaifunua, akaifunika tena. Baadaye baba alisema, "Hesabu imelingana, na mama wa watu nimemrudisha mikono mitupu." Nilikuwa binti wa sekondari, nikadhani amechoka tu. Leo ndipo naelewa kwamba alikuwa ametumia ujana wake kuhakikisha tarakimu zinalingana, na siku hiyo aliona kuwa kulingana si sawa na kulindwa.

Tangu hapo, mtu mwenye akiba ndogo akija, alimuuliza anaweka kwa ajili ya nini. Akisikia bati, ng'ombe au ada, alimwambia asingoje: akiweza kununua leo, anunue leo. Mkuu wake alimwita kumuuliza iweje mtu wa benki awafukuze wenye amana. Alikiri mbele yake na hakuacha. Kwetu pia mabati yalianza kuja moja moja, tukayapanga chini ya kitanda cha wazazi, na ndiyo yaliyoezeka nyumba ya Kirumba miaka michache baadaye. Mshahara wake ulikuwa umeliwa na bei kama wa watumishi wengine wote, lakini hakuna mtoto wake aliyerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa ada.

Mwaka 1991 sheria mpya ilifungua mlango kwa benki binafsi, na watu wa uzoefu wake wakatafutwa kwa mishahara ambayo tulikuwa hatujawahi kuisikia. Yeye ndiyo kwanza alikuwa amestaafu. Aliitwa Dar es Salaam, akakataa, kwa sababu mama alikuwa amepata kiharusi. Akajifunza kumwogesha, kumgeuza kitandani, kumsuka mabutu yaliyopinda. Majirani walishangaa, mwanamume ana mabinti wakubwa halafu anafua kanga za mkewe. Nasi tulitaka kupokezana. Niliomba likizo ndefu kazini, dada yangu akawa tayari kuhama kabisa. Baba alitusikiliza wote, kisha akatuambia turudi makazini na kwa watoto wetu, kwamba hiyo ni zamu yake. Akaishika mpaka mama alipofariki.