Kupe wa Lushoto na Aibu ya Binti Yetu

Leo tumefunga cherehani mapema tuwaandikie jambo lililotukaa rohoni tangu likizo ya Juni.

Tulikwenda kwa wifi yetu Lushoto: boti hadi Dar, basi mpaka Mombo, kisha zile kona za kupanda Soni, watoto wakitapika kwa zamu. Watoto wa Unguja waliozoea mchanga, kuona majani mabichi na ndama, wakajiachia humo mpaka Maghribi.

Siku ya tatu binti yetu wa miaka tisa (kwetu mtoto ni wa dada wote, msituulize wa nani) akawa anatembea miguu kando. Tukiuliza, kimya. Bafuni ndipo alipolia. Kupe alikuwa kinenani tangu juzi, ameshavimba. "Si mmesema huko haonyeshwi mtu?"

Tulitazamana. Sitara tulimfundisha sisi, tena tukajisifu. Hatukumwambia kuwa mama yake na mama yake mdogo anaweza kuwaonyesha.

Bibi wa nyumba akaja na chupa ya mafuta ya taa. Kwa heshima tukamzuia. Kupe akimwagiwa mafuta au kuchomwa moto huweza kutapika ndani ya jeraha. Tulikuwa na kibano chetu cha kutungia uzi wa overlock. Tukamshika karibu kabisa na ngozi, tukamvuta taratibu, moja kwa moja, bila kumsokota. Kisha maji na sabuni. Hapasuliwi kwa kucha.

Jioni ile wifi akawakusanya watoto. Wilaya yao ilisumbuliwa na tauni ya viroboto tangu 1980, kwa zaidi ya miaka 20, basi wenyeji hawadharau mdudu mdogo. Akawaambia kupe ni jamaa wa buibui, ana miguu minane, haruki wala hapai. Hupanda ncha ya jani, akanyoosha miguu ya mbele, akangoja mpita njia. Mdogo wao akaigiza kupe usiku kucha, hatukulala. Tangu hapo kila wakioga wanajikagua: nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, nyuma ya magoti, kinenani. Pasipoonekana, mama anaangalia, mlango umefungwa.

Tulikwisharudi nyumbani homa ilipompanda. Kichwa kinamuuma, tezi za kinena zimevimba, na pale alipoumwa pana kidonda cheusi kama kilichoungua. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tulipotaja Lushoto na kupe, daktari akainua kichwa, akamtazama upya, akamwandikia antibiotiki. Alhamdulillah alipona. Lakini tulikuwa tumekaa kwenye benchi saa nzima bila kulitaja, tukiona haya kusema mtoto kaumwa wapi. Aibu ile ile, sasa ya watu wazima.

Na nyinyi maharusi mnaoagiza nguo za fungate za kwenda kwenye baridi ya Usambara, mkitembea msituni Magamba au kwenda Irente kutazama bonde, vaeni suruali ndani ya gauni, miguu yake iingie kwenye soksi. Tunazishona, za mpira vifundoni, rangi ya maziwa ili kupe aonekane akipanda. Nyeusi msituagize.