Kipupwe cha Lesotho

Ufalme wa Lesotho umezungukwa pande zote na nchi ya Afrika ya Kusini. Hakuna nchi nyingine huru duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Sehemu yake ya chini kabisa ina meta zipatazo 1,400, na kilele cha Thabana Ntlenyana kina meta 3,482. Katika milima ya Rwenzori baridi haina mwezi; bali Lesotho, kwa kuwa iko mbali kusini mwa ikweta, ina majira yake ya baridi, yaani Juni hadi Agosti.

Mgeni afikapo mwezi wa Julai hustaajabu kuona mbingu nyeupe pe, haina wingu, na jua linawaka. Mvua za huko hunyesha wakati wa joto; kipupwe ni kikavu. Mchana watu hutembea nje kwa raha. Lakini jua likishatua, maji yaliyosahauliwa ndooni huweza kuganda kabla ya alfajiri.

Wengi huelekea Semonkong, maana yake "mahali pa moshi". Moshi huo ni manyunyu ya maporomoko ya Maletsunyane, yanayoanguka meta 192 kwa mruko mmoja. Wakati wa baridi kali manyunyu hayo huganda na kuuvika mwamba barafu. Hufikiwa vizuri kwa farasi wa Kibasotho, mdogo wa kimo lakini hodari wa miguu. Heri mpandaji amwachie farasi achague njia, kwani anaijua kuliko yeye.

Wapendao kuteleza kwa mbao juu ya theluji huenda kaskazini, karibu na kipito cha Mahlasela chenye meta 3,222. Theluji isipotosha, mashine huitengeneza!

Wenyeji hujikinga kwa blanketi zito la sufu. Yasimuliwa kwamba Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza alipewa blanketi na mfanyabiashara mgeni mwaka 1860, akalipenda kuliko karosi yake ya ngozi. Leo mwanamume hulifunga kwa pini begani, mwanamke kifuani, na mtoto mgongoni mwa mamaye hulala humo humo. Ndani ya nyumba huwashwa moto wa samadi iliyokaushwa, maana miti ni haba.

Theluji hiyo hiyo inayomfurahisha mgeni ni adui wa mchungaji. Vijana wengi, baadhi yao wadogo sana, huchunga kondoo na mbuzi malishoni mbali na vijiji. Dhoruba ikiwakuta huko, njia hufungika, chakula hakiwafikii, na mifugo hufa kwa kukosa nyasi. Hivyo wazee huyatazama mawingu ya kusini kila asubuhi. Wakiamuru kundi lirudishwe bondeni, mgeni naye hufunga mizigo yake, hata kama kwa macho yake mbingu ni safi.