Kwa Binti Yangu, Kabla Hujaisajili Katiba

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Mama yako mdogo ametolewa bandeji ya mguu, anatembea na fimbo na anagombana na kila apitaye, kwa hiyo amepona. Minazi ya kwa babu imeuzwa. Hilo tutaliongea ukija.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya maneno niliyoyakuta kwenye arobaini kule Pangani. Wajua watu wa kwetu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeambiwa umeondoka pale kituoni kwenu. Eti wakubwa walikutoa kwenye kazi ya kuwafundisha wanasihi wapya, wakidai unawavuruga vichwa, nawe ukanyanyuka katikati ya kikao ukatoka, na wenzako wakakufuata. Hilo halikuniumiza. Kusema kweli siku ile nilitembea na shingo ndefu. Lililoninyima usingizi ni la pili: kwamba chama mnachoanzisha kimeshaandikiwa katiba, na katiba inasema mkufunzi na mwanachama kamili ni mwenye shahada peke yake. Yaani yule dada mwenye cheti, aliyekuwa wa kwanza kusimama nyuma yako, hayumo.

Kama ni uongo, ichane barua hii. Kama ni kweli, isome mpaka mwisho.

Juu ya meza yako umebandika picha ya Karen Horney, yule mchambuzi wa nafsi. Nilipokuja huko kutibiwa jicho nilikuwa naitazama kila asubuhi, nawe ukanipa kitabu cha maisha yake nije nikisome nikipona. Nimekisoma. Nadhani wewe umempenda Karen wa nusu ya kwanza. Mimi nina neno kuhusu Karen wa nusu ya pili, lakini acha nianzie pale unapopapenda.

Alizaliwa mwaka 1885 Blankenese, kando ya mto Elbe, karibu na Hamburg. Baba yake alikuwa nahodha wa meli, mzaliwa wa Norway, mtu wa Biblia na hasira, hata watoto wake wakawa wanamcheka kwa siri kwamba akishaisoma Biblia huirusha. Kaka mtu alitarajiwa asome. Binti alitarajiwa akae nyumbani. Hamburg walipofungua madarasa ya kuwaandaa wasichana kwa chuo kikuu, mzee alisita kutoa ada. Binti akaandika ahadi kwamba akimaliza shule hatamdai baba yake kitu kingine.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwanza. Babu yako hakurusha msahafu, Mungu amrehemu. Lakini ilipopatikana ada ya mtoto mmoja, hakuna aliyeuliza kati yetu nani alikuwa wa kwanza darasani. Ndugu yangu, baba yako, akaenda kidato cha tano, mimi nikaenda uuguzi. Sisemi kwa ubaya. Nasema tu kwamba ripoti zangu za shule bado ninazo.

Basi, 1906 Karen akaingia chuo kikuu cha Freiburg kusomea udaktari, wakati wanawake kwenye madarasa hayo walikuwa wa kuhesabu. Akaolewa 1909 na Oskar Horney, akazaa mabinti watatu, wawili wa kwanza huku anasoma, na 1915 akapata udaktari wake. Mwaka 1920 taasisi ya wachambuzi wa nafsi ilipoanzishwa Berlin, alikuwa miongoni mwa waanzilishi na walimu wake. Na 1922, kwenye mkutano wa kimataifa hapo hapo Berlin, Freud mwenyewe, mwasisi wa fani hiyo, akiwepo, akasimama kupinga yale yaliyokuwa yanafundishwa kuhusu mwanamke. Freud na wenzake walishika kwamba mwanamke hukua akiona wivu kwa maumbile ya mwanamume. Yeye, siku ile na katika makala zilizofuata, akasema kinachoonewa wivu ni nafasi, sauti na uhuru aliopewa mwanamume. Tena akaongeza kwamba hata wanaume wana wivu wao, wa kubeba mimba na kunyonyesha, ila hakuna aliyeuandikia vitabu kwa sababu waandishi walikuwa wao.

Napenda ujasiri ule. Nasema ili ujue kwamba sikulaumu kwa kutoka.

Mwaka 1923 kaka yake alifariki, na biashara za mumewe zikaanguka. Ndoa haikudumu baada ya hapo. Mwaka 1932, akiwa na miaka 47, akavuka bahari kwenda Chicago kwa mwaliko wa Franz Alexander, awe msaidizi wake kwenye taasisi mpya ya pale, akaanza upya kwa Kiingereza. Miaka miwili baadaye akahamia New York, akafundisha jioni, na watu wa kawaida wakafurika darasani kwake, kwa sababu alisema kwa lugha wanayoielewa.

Ulinieleza mafundisho yake jikoni, unamenya viazi, kisu mkononi. Kwamba mtoto akikua bila kuhisi salama hujiona mdogo na mpweke katika dunia yenye uadui, na hofu hiyo humfundisha mojawapo ya njia tatu: kujikomba kwa watu, kupambana na watu, au kuwakimbia watu. Mtu mwenye afya hutumia zote kwa wakati wake. Mgonjwa hung'ang'ania moja hata pale isipofaa. Nikakuuliza wewe una ipi, ukacheka, ukaendelea kumenya. Mimi nakujua tangu unatambaa. Wewe ni wa kupambana.

Sasa sikiliza. Mwaka 1939 Karen alitoa kitabu kilichompinga Freud waziwazi, jambo kwa jambo. Wazee wa chama cha wachambuzi wa nafsi cha New York hawakulipenda hilo. Wakasema anawavuruga wanafunzi. Aprili 1941 wakapiga kura kumshusha cheo, asiwe tena mkufunzi wa kuwalea wachambuzi wapya. Wachache walimtetea, na wengi walikaa kimya wasipige kura upande wowote. Karen akasimama, akatoka ukumbini bila makelele. Nyuma yake wakatoka wengine, akiwemo Clara Thompson, daktari mwanamke mwenzake aliyekuwa na jina kubwa. Inasimuliwa kwamba walikwenda barabarani wakiimba ule wimbo wa kiroho wa Wamarekani weusi unaomtaja Musa na Farao.

Hapo ndipo wewe ulipokunja ukurasa. Nimeuona umekunjwa.

Mwaka huo huo wakaunda chama chao, taasisi yao na jarida lao. Waliahidi kwamba kwao mawazo yatakuwa huru, na mtu hatafukuzwa kwa kufikiri tofauti. Na mmoja wa walimu waliojiunga nao alikuwa Erich Fromm. Huyo hakuwa mgeni kwa Karen. Walijuana tangu Ujerumani, walifikiri pamoja kwa miaka, na kwa muda walikuwa karibu kuliko marafiki. Hata binti yake wa kati, Marianne, alitibiwa na Fromm. Lakini Fromm hakuwa daktari wa tiba. Alikuwa na udaktari wa falsafa, wa elimu ya jamii kutoka Heidelberg, na mafunzo ya uchambuzi aliyapata Berlin kama wenziwe. Kitabu chake cha 1941 kuhusu watu wanaoukimbia uhuru kilimpa jina kila mahali.

Wanafunzi wakaomba Fromm awafundishe kazi yenyewe ya tiba, si nadharia peke yake. Mwaka 1943 baraza la taasisi likakataa. Sababu? Walikuwa wanatafuta kuunganishwa na chuo cha udaktari, wakaogopa kwamba mkufunzi asiye daktari wa tiba angewaharibia. Na Karen, yule aliyeshushwa cheo kwa kura, akasimama upande wa waliokataa. Fromm akaondoka. Clara Thompson naye, aliyetoka ukumbini nyuma ya Karen miaka miwili tu kabla, akatoka tena, safari hii akimwacha Karen ndani. Daktari wa akili Harry Stack Sullivan akaondoka nao. Wakaanzisha taasisi yao wenyewe, ile iliyokuja kuitwa William Alanson White, Clara akaiongoza mpaka alipofariki 1958. Na haukupita muda, kundi jingine la madaktari nalo likamwacha Karen.

Niliposoma hapo nilisema peke yangu barazani: mkuki kwa nguruwe.

Utaniambia Karen alikuwa na hoja. Alikuwa nayo. Chama kichanga kinahitaji jina, kinahitaji hospitali iwakubali watu wake. Nanyi mna hoja hiyo hiyo, nimesikia mnatafuta kushikwa mkono na chuo fulani. Lakini angalia nani alilipia hoja hiyo. Hakulipa mpinzani. Alilipa aliyekuja kuunga mkono.

Mwanamke yule yule ndiye aliyeeleza vizuri kuliko wote jinsi mtu anavyojichorea sura yake iliyokamilika, kisha akaishi kuitumikia: inanipasa niwe hivi, inanipasa nisiwe vile, mpaka ile sura ikamtawala kama bwana mkali. Aliliandika tena kwa kirefu 1950, miaka miwili kabla ya kufariki. Mimi nauliza tu, chama nacho hakijichorei sura? "Inatupasa tuonekane wasomi." Na ili mwonekane wasomi, aliyewaosheeni vyombo anawekwa nje.

Ndiyo, vyombo. Umesahau? Msiba wa bibi yako, dada huyo alikuja na wewe kwa basi la usiku. Hakuna aliyemjua. Alifunga kanga kiunoni akaosha masufuria ya pilau mpaka saa saba usiku, na shangazi yako mkubwa aliyekuwa hajaongea tangu mazishi akaenda kukaa kwenye kibao kando yake, akaanza kumweleza habari za mama. Mimi nilikuwa mlangoni, nilisikia. Yule hakumuuliza swali hata moja. Alikuwa akisugua, akinyamaza, akisema "enhe" mahali panapofaa. Nimefanya kazi wodi za wagonjwa wa akili mpaka nywele zikageuka nyeupe, na najua wenye vyeti vikubwa wasiojua mahali pa kusema "enhe".

Usinielewe vibaya. Sisemi kila mwenye huruma apewe wagonjwa. Nimeona madhara ya waganga wa maneno matupu, na nimewaona watu walioachishwa dawa na "washauri" wakarudishwa kwetu wamefungwa kamba. Shahada ina mahali pake. Kutambua ugonjwa kuna watu wake, dawa zina watu wake. Lakini kuendesha kikundi cha kina mama waliofiwa, kuwafundisha vijana kusikiliza, kumpokea mtu mlangoni siku ya kwanza akiwa anatetemeka, hayo anayaweza, na pengine anakuzidi. Katiba inaweza kuandika hivyo. Katiba huandikwa na watu.

Na mimi nina langu. Kuna hospitali moja, sitaitaja, ambako nilizungushwa kupandishwa cheo kwa sababu ya karatasi, huku madaktari wanafunzi wakiniuliza mimi wafanye nini usiku mgonjwa akichafuka. Mwenzangu tuliyekuwa tukilalamika naye kwenye chumba cha chai akaja akawa mkubwa wa wodi. Unadhani alituondolea kanuni ile? Aliikaza. Nilistaafu nikiwa najua jambo moja: aliyefungiwa nje mara nyingi huondoka na kufuli mkononi.

Nimemaliza hilo, ingawa nitalirudia. Mengine ni mafupi.

Msipangishe chumba kwa mkataba wa mdomo.

Faili za wateja wa kituo cha zamani si zako. Usitoke na hata moja, na mteja anayekufuata akufuate kwa hiari yake.

Ada iandikwe ukutani, na ya asiye nacho iandikwe pia.

Uwe na mtu wako wa kukusikiliza wewe. Karen alijichunguza mwenyewe mpaka akaandika kitabu kuhusu kujichunguza, 1942, na bado la 1943 hakuliona.

Usiwaseme vibaya wale wa kituoni. Mji ni mdogo na mtakutana kwenye semina.

Baba yako asikutishe na habari za pensheni. Ada ya muhula wako wa kwanza chuoni niliilipa mimi, wala sikukumbushi.

Nisije nikaonekana namwonea marehemu. Karen alifanya kazi mpaka mwisho. Mwaka 1952 alisafiri hadi Japani na msomi wa Ubuddha D. T. Suzuki, akatembelea nyumba za watawa wa Zen akiwa na miaka 66, bado anataka kujifunza, na Desemba mwaka huo huo saratani ikamchukua. Kliniki yenye jina lake ikafunguliwa New York 1955. Mwanamke aliyewaambia wakubwa wa fani yake usoni kwamba wamekosea kuhusu wanawake anastahili picha ukutani. Iache picha. Lakini usome na kurasa zilizofuata ule uliokunja, maana huko ndiko uliko wewe sasa.

Ninachotaka ni hiki. Kabla karatasi hazijapelekwa kusajiliwa, keti na dada yule, ninyi wawili, si kwenye grupu la simu wala mbele ya wengine. Mwonyeshe kifungu chenyewe akisome. Kisha mwulize angetaka kiandikwe vipi, na unyamaze mpaka amalize. Akikubali kubaki kwa masharti mtakayoelewana, yaandikwe, na jina lake liwe kwenye orodha ya waanzilishi, maana alikuwepo. Wale wenzako wenye shahada wakikataa, utakuwa umejua mapema umetoka na watu wa namna gani.

Chuo mnachokitafuta kikiuliza, waambie ukweli: huyu anafanya kazi hii, hafanyi ile. Wakikataa kwa hilo, watafuteni wengine.

Nijibu kwa barua. Zile sauti za kwenye simu sizisikii vizuri, na mama yako mdogo huzisikiliza kabla yangu.

Shangazi yako akupendaye